Mwaka Tulioanika Kimea Jabalini

Mama Kulwa hakupika pombe hata siku moja maishani mwake. Nalisema hili kwanza, kwa sababu mwezi uliopita, msibani kwake, nilimsikia mama mmoja niliyeketi naye mkeka mmoja akimwambia mwenzake kwamba marehemu ndiye "yule bibi mpika pombe wa njia ya lamboni." Nilitaka kumjibu vibaya. Umri umenifundisha kumeza mate kabla ya kufungua mdomo, kwa hiyo nikasema kwa upole tu, "Dada, marehemu alikuwa mtengeneza kimea. Pombe walipika wengine." Akanitazama kana kwamba nimemwambia mwizi wa kuku si mla kuku, akaendelea kuchambua mchele. Nikainuka, nikaingia chumbani kwa marehemu, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho na godoro. Wajukuu walikuwa wamepaka kuta chokaa mpya, lakini harufu haikuwa imetoka: harufu ya nafaka iliyochipua, tamu na yenye unyevu, kama unga wa maandazi uliosahauliwa kwenye beseni. Nililia pale peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu nilipopigiwa simu ya msiba. Nilimlilia mama mkwe wangu, na nilijililia na mimi wa mwaka ule mmoja niliokaa naye, mwaka ambao sijawahi kumsimulia mtu vizuri kwa sababu kila nikianza watu husikia neno kimea na kucheka.

Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini, mtoto mgongoni na begi kichwani. Mume wangu, Shija, alikuwa amesikia kwamba upande wa Runzewe dhahabu inatoka, akaona ni busara mimi na binti yetu tumsubiri kijijini kwa mama yake, Kishapu. Mimi nilikuwa mtoto wa Shinyanga mjini, Kisukuma changu cha kuombea maji tu. Mama Kulwa alinipokea mlangoni, mikono imejaa majivu mpaka viwikoni. "Shikamoo, Mayu," nikasema, maana Shija alikuwa amenifundisha kwamba kwao mama huitwa hivyo. "Marahaba, Mama Kabula," akajibu. "Karibu ndani. Usikanyage kimea." Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na kimea kilikaa katika viwili. Sisi watatu, yaani mimi, yeye na Kabula, tulijibana katika kile cha tatu, na hata humo magunia yalipangwa ukutani nyuma ya kitanda. Usiku wa kwanza nilidhani kuna panya. Ilikuwa mtama unaota, na ukitulia kabisa uliusikia ukipasuka.

Kimea si kitu cha ajabu. Ni nafaka iliyodanganywa. Unauloweka mtama, unauweka kwenye gunia bichi mahali pa giza, nao unaamini umepandwa. Unaanza kutoa vimizizi, na ndani yake unajitengenezea utamu wa kulisha jani litakalokuja. Kabla jani halijapata nguvu, unaukausha, na ule utamu unabaki kwako. Mama Kulwa alitumia mtama mwekundu ambao ndege hawaupendi kwa ukali wake, kwa hiyo aliuchanganya kwanza na majivu ili ukali upungue, akausuuza, akauloweka tena. Maji yalitoka lamboni, kichwani mwetu, na alipomaliza kuloweka aliyamwaga uani bila kuyatazama. Kisha ukaja moto. Alikuwa na bati kubwa juu ya mafiga, chini yake magogo, naye alikikaanga kimea hadi kikawa na rangi ya kahawa, kwa sababu ndivyo alivyokitaka mnunuzi wake, Mama Bahati, mwanamke mnene mcheshi aliyekuja na lori kila baada ya wiki kadhaa kukipeleka Runzewe, alikopika na kuuza pombe. "Wachimbaji wanakunywa kwa macho kwanza," alikuwa akisema Mama Bahati. "Pombe isipokuwa na rangi wananiambia nimewauzia maji ya kuogea."

Kuni za moto ule zilitoka kwenye ngitili. Kwa asiyejua, ngitili ni eneo la majani na miti ambalo Wasukuma hulifunga mvua zikianza, asiingie ng'ombe wala shoka, ili kiangazi kikikaza mifugo ipate pa kushika. Ile ya Mama Kulwa aliachiwa na marehemu mumewe, na nilipofika ilikuwa imebaki na miti ya kuhesabika. Kila alipokwenda kukata tawi aliondoka mapema, akarudi kimya, akaliingiza tawi uani kwa njia ya nyuma. Wazee wanaosimamia ngitili walikuwa wamekwisha kumwonya. Alikuwa mwanamke anayejua anachokiharibu, na mwanamke wa namna hiyo huwa mkali. Nilijifunza kutomuuliza chochote siku za kuni.

Sasa nimseme Kabula. Alikuwa amezaliwa mnene wa kupendeza, kisha mimi nikaugua, nikalazwa, na nilipotoka hospitali maziwa yalikuwa yamekauka. Tulipofika Kishapu alikuwa ameshaanza kusimama, halafu akaacha kusimama. Mapaja yake yalilegea ngozi kama soksi iliyopoteza mpira. Ng'ombe wa boma walikuwa wamehamishwa mbali kufuata malisho, maana mvua za mwaka ule zilikuwa za kuonja tu, kwa hiyo maziwa hayakuwepo. Tulikula ugali wa mtama na mlenda, siku nzuri dagaa, na asubuhi michembe, vile viazi vikavu vilivyochemshwa ambavyo mpaka leo nikivila nasikia mlango wa Mama Kulwa ukilia. Kabula nilimpikia uji. Nikiupika mzito, alikuwa anautema, hawezi kuumeza. Nikiupika mwepesi, alikunywa kikombe kizima, tumbo likawa kama ngoma, halafu punde si punde akaanza kulia tena, kilio chembamba kisicho na machozi. Nilikuwa nikiamka kila alfajiri na kuweka mkono kifuani pake kabla sijafumbua macho, nihakikishe. Sitaki kulizungushia maneno. Niliogopa kwamba nitamzika mwanangu katika kijiji ambacho hata majirani sikuwajua majina.

Kliniki ilikuwa zahanati ya kijiji cha jirani. Watoto walipimwa kwa mizani ya kuning'iniza, wakiwa ndani ya kikaptula cha turubai, na Kabula aliponing'inizwa mshale ulitikisika kidogo ukatulia palepale ulipokuwa mara ya mwisho. Nesi Leokadia, ambaye ndiye aliyekuwa nesi, mkunga na mfagiaji wa pale, hakunigombeza. Alitukusanya akina mama barazani, akapika uji wa mtama mzito kiasi kwamba kijiko kilisimama katikati kama mlingoti. "Nani mtoto wake anaweza kumeza huu?" Hakuna. "Nani anauongezea maji?" Wote tukanyoosha mikono. "Basi mnawajaza maji. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake, ukilijaza maji chakula kitakaa wapi?" Akachota kijiko kimoja cha unga mweupe kutoka kwenye kopo, akaukorogea humo, na mbele ya macho yetu uji ukalegea. Ulikuwa mzito, ukawa wa kutiririka, bila tone la maji. Akaurudisha motoni kidogo uchemke tena. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, "Huo si uchawi?" Nesi akacheka. "Ni kimea, mama. Hiki hiki cha kwenu. Ila hakikisha kimepukuchuliwa mizizi na machipukizi yote, hayo yana sumu."

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Hapo nikakutana na kikwazo changu mwenyewe, kwani nilikuwa nasali katika kanisa ambalo neno pombe lilisemwa kwa kushusha sauti. Mke wa mchungaji alikuwa ameshanitembelea mara moja na kunishauri Kabula asile chochote kutoka vyungu vya mama mkwe. "Mtoto wa kanisa halishwi mbegu ya pombe," aliniambia, Mama Kulwa akiwa nje ya dirisha na beseni mkononi, akisikia kila neno. Nilimheshimu yule mama. Lakini siku ile, nikiwa na Kabula mgongoni, mwepesi kuliko ndoo tupu, niliona kwamba kama Mungu ameweka chakula ndani ya kimea basi atanielewa. Nikamweleza Mama Kulwa nilichokiona. Alisikiliza akiwa amechuchumaa. Kisha akafungua gunia la ukutani, lile bora, akapukuchua konzi mbili, akapepeta, akatwanga, akachekecha. Nikapika uji mzito. Nikatia kijiko kimoja.

Uji haukulegea. Tukaukoroga hadi mkono ukachoka, ukabaki umesimama. Tukaongeza kijiko, na kingine, mpaka ukawa mweusi na mchungu, na Kabula alipoonja alikunja uso wote akatema kwenye kanga yangu. Nilikaa chini nikafunika uso. Nilimsikia Mama Kulwa akikusanya vyombo polepole. Nilitarajia aseme kwamba nesi wangu ni mwongo, au kwamba mke wa mchungaji alikuwa na haki. Badala yake alikwenda kwenye gunia bichi ambamo mtama ulikuwa bado unaota, akachukua punje moja, akaipukuchua, akaitia mdomoni akatafuna kwa meno ya mbele. Akachukua punje ya gunia la ukutani, akatafuna. Akarudia hivyo kama mtu anayechagua mbegu sokoni.

"Njoo uonje," aliniambia mwishoni. "Hii mbichi inaleta utamu upesi. Hii ya moto ni tamu kwa nje, ukiendelea kuitafuna haiongezeki kitu." Akatema makapi. "Mbegu ukiikaanga haiwezi kuota tena. Mimi nilidhani naiua isiote tu. Kumbe naua na nguvu yake." Nikamuuliza mbona pombe ya Runzewe inaiva. "Kwenye pipa wanatia gunia zima, Mama Kabula. Katika gunia zima hazikosekani punje ambazo moto haukuzifikia. Wewe unataka kijiko."

Kwa hiyo tukarudi kwenye jua. Nyuma ya boma kulikuwa na jabali, moja ya yale mawe makubwa ya kijivu yaliyotapakaa nchi ile, pana juu kama kiwanja, na saa sita mchana huwezi kulikanyaga peku. Mama Kulwa alisema mama yake mzazi alikuwa akianika juu ya mawe kama yale, kabla wanunuzi hawajaja na haraka zao. Tulilifagia, tukalisugua kwa maji kidogo, tukatandaza kimea kwa unene wa kidole. Moto wetu ukawa jiwe, na jiwe halidai kuni. Kazi yangu ikawa kulinda. Walikuja mbuzi, kuku, njiwa, na wale ndege wadogo wanaokuja kama wingu ambao waliudharau mtama ulipokuwa mkali shambani, sasa umekuwa mtamu wakaujua. Nilikaa pale na Kabula chini ya mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika, fimbo mkononi, nikigeuza kimea kila jua liliposogea. Nimekaa ofisini miaka mingi baadaye, kwenye kiti cha kuzunguka, na sijawahi kukaa mahali nikawa na amani kama pale.

Njia ya lamboni ilipita chini ya jabali, na wapita njia husahau kwamba aliye juu anasikia. Hapo ndipo nilipojifunza Kisukuma. Nilisikia wakisema kwamba mkwe wa mjini amegeuzwa bata, anakalia mayai ya pombe. Nilisikia wakibishana kama Mama Bahati atakubali kununua kimea cheupe. Na siku moja nilisikia bibi mmoja akimwambia msichana aliyekuwa naye kwamba asicheke, kwani nyumba ile ina donda. "Huyu anaitwa Mama Kulwa, umewahi kumwona huyo Kulwa?" Msichana akasema hajamwona. "Hakufikisha miaka miwili. Pacha wake Doto ndiye aliyepona, ameolewa Meatu. Huyu Shija alikuja baadaye." Nilikuwa nalijua jina hilo la mapacha, Kulwa anayetangulia na Doto anayefuata, na nilikuwa nimejiambia kwamba Kulwa yuko mjini au machimboni kama vijana wote. Jioni ile nilimtazama mama mkwe wangu akipakua ugali na sikuweza kumwita jina. Nilimwita Mayu tu, na tangu siku hiyo sikumwita vingine.

Uji wa kwanza wa kimea cha jabalini tuliupika saa nne asubuhi. Nakumbuka saa kwa sababu redio ya jirani ilikuwa ikisoma salamu za wagonjwa. Nilitia kijiko, nikakoroga, na kwa muda hakikutokea kitu. Kisha mwiko ukawa mwepesi mkononi. Ulikuwa kama mtu aliyekuwa amekukazia mkono ameamua kukuachia. Mama Kulwa akainama juu ya chungu, akasema, "Rudisha motoni, nesi alisema uchemke," kana kwamba mimi ndiye niliyesahau. Kabula alikunywa. Alipomaliza alishika kikombe kwa mikono miwili asitake kukiachia, akalamba ukingo wake. Tulimngojea alie. Akalala. Tulikaa mmoja huku mmoja kule tukimwangalia amelala, mpaka mboga ikaungua.

Ukibadili jambo moja nyumbani, mengine yanakuja yenyewe. Tulipoacha moto, tukaanza kuyaonea huruma na maji. Mama Kulwa aligundua kwamba maji ya kusuuzia mara ya pili hutoka karibu meupe, kwa hiyo maji ya mwisho ya leo yakawa maji ya kwanza ya kesho, na safari zetu za lamboni zikapungua. Yale yaliyochafuka kabisa aliyapeleka kwenye shimo la mbolea pamoja na mizizi na machipukizi tuliyopukuchua. Nilishauri tuwape mbuzi machipukizi yale, maana nilikuwa nimeanza kupenda kwamba hakuna kinachotupwa. Alinikatalia kwa sauti ya juu ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Hujawahi kuona ng'ombe aliyekula mtama mchanga? Anavimba, anaanguka, hafiki jioni. Kisichotupwa kisitupwe, lakini hiki ni cha shimo." Kiporo cha ugali tulikuwa tukiwapa kuku; sasa tulikivuruga na maji, tukakichemsha, tukakitia kimea kikipoa, kikawa kinywaji kitamu cha mchana, kisichomlevya mtu, na makapi yake ndiyo kuku wakapata. Mke wa mchungaji alipokuja tena nilimkaribisha kikombe. Alinusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni ugali wa jana. Akakimaliza na kuomba kingine, na sikuona haja ya kumweleza zaidi.

Mama Bahati ndiye aliyetutisha. Alishuka kwenye lori, akafungua gunia, akachota, akamwaga chini. "Mama Kulwa, kimea kinaumwa? Mbona kimepauka hivi?" Mama Kulwa akamwambia ni cha jua. "Mimi siuzi jua. Wachimbaji watanifukuza." Ilikuwa ndiyo riziki yetu yote, na ngitili ilikuwa palepale ng'ambo ya ua na miti yake michache. Nilimwona Mama Kulwa akiitazama. Nilijua kwamba akikubali kurudi motoni, magunia yote yatakuwa ya motoni, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuendesha kimea cha namna mbili katika nyumba moja yenye mwanamke mmoja wa kulinda. Akasema, "Chukua gunia moja. Tia nusu ya unachotiaga. Likishindwa, urudi unikanye mbele ya watu." Mama Bahati akacheka, akalichukua kwa kumridhisha mzee. Siku za kungoja zile zilikuwa ndefu. Kisha Shija akapiga simu, nami nikapanda jabalini ambako mtandao ulishika, nikamwita mama yake apande asikie. "Mayu, umewafanya nini watu wa huku?" alisema Shija. "Mama Bahati anasema ametia kimea kidogo pombe ikawa tayari upesi kuliko kawaida, anakikaanga kiganja kimoja tu kwa ajili ya rangi. Anataka chote." Mama Kulwa akanirudishia simu. Alishuka jabalini, akachukua panga la kuni lililokuwa limeegeshwa ukutani karibu na njia ya nyuma, akaenda kulihifadhi ndani.

Kulikuwa na vitisho vingine. Ilikuja mvua moja ya mchana, bila kuaga, kimea kikiwa kimetandazwa jabali zima. Nilianza kukusanya kwa kanga, nikilia na kuita. Wale wale wapita njia waliokuwa wakiniita bata wakatupa ndoo zao chini, wakapanda, wakavua kanga za mabegani, wakaanua nami mpaka punje ya mwisho. Tuliingia ndani tumelowa, watu wengi katika chumba kimoja, tukacheka hadi mbavu zikauma. Mama Kulwa aliwapa kila mmoja kikombe cha uji. Wawili kati yao walikuwa na watoto wa kliniki. Walikunywa, wakatazamana, na kesho yake asubuhi walikuwa mlangoni na mabakuli yao, "Ng'wangaluka, Mayu," wakisalimu na kuomba kijiko cha unga.

Siku ya kupimwa iliyofuata Mama Kulwa alisema na yeye anakwenda. Alioga, akavaa gauni lake la sikukuu, akachukua kopo la kimea chini ya kwapa. Kabula alipoingizwa kwenye kikaptula cha turubai alipiga mateke, jambo ambalo hakuwahi kuwa na nguvu za kulifanya, na mizani ikayumba sana ikabidi nesi aishike. Mshale ulipotulia ulikuwa umevuka ulipokuwa. Nesi Leokadia akaimba kidogo. Kabula huyo ndiye aliyekuwa mwezi uliopita msibani akiwagombeza wapishi kwa kuweka kuni nyingi kuliko inavyohitajika, ana mapaja ya kutosha watu wawili, na nikimtazama huwa nasahau. Siku ile sikusahau. Nilimkumbatia nesi, nikamkumbatia na mama mmoja nisiyemjua. Nesi akamwomba Mama Kulwa awaeleze akina mama jinsi ya kukianika. Akawaeleza vizuri, taratibu, kwa Kisukuma, mizizi itolewe, jua lisiwe na vumbi, moto usikiguse. Mama mmoja kijana akauliza kimea hiki kimegunduliwa lini. Nesi akamjibu kwamba hakijagunduliwa, kimekuwepo tangu wazee, katika kila nyumba ya mtama, na watoto wamekuwa wakipungua uzito pembeni yake. Alisema kwa nia njema. Nilimwona Mama Kulwa akifunga kopo lake.

Tulitoka tukashika njia ya nyumbani, mimi nikiongea peke yangu kwa furaha, mpaka nikagundua kwamba nyuma yangu hakuna mtu. Alikuwa ameketi chini kando ya njia, na gauni lake la sikukuu, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Nikarudi mbio nikidhani ameanguka.

"Alikuwa analia hivi hivi," alisema. "Kama Kabula. Anakunywa uji, tumbo linajaa, halafu analia. Doto alikuwa na nguvu, alinyonya akashiba, Kulwa akawa anabaki. Wakasema amechezewa. Nikatoa mbuzi, nikaenda mpaka kwa mganga wa mbali, nikamfunga hirizi." Alikuwa akizungumza na magoti yake. "Nilikuwa nimeanza kazi hii mwaka ule ule. Magunia yalikuwa ukutani. Chumba hakikuwa na nafasi, nikawa namlaza juu yake, Mama Kabula. Mwanangu alikufa kwa njaa amelala juu ya kimea."

Nilisema kile ambacho mtu yeyote angesema. "Hukujua, Mayu. Hakuna aliyejua."

"Sikujua," akakubali. "Lakini kilikuwa ndani."

 Nikafungua kanga, nikamtoa Kabula mgongoni, nikamwinua mama mkwe wangu kwa mkono, nikamwekea mtoto mgongoni pake na kumfunga, nikalikaza fundo kifuani. Kabula akalaza shavu, akashika ukosi wa gauni. Mama Kulwa akasimama kidogo akijirekebisha na uzito ule, kisha akaanza kutembea, nami nikafuata nyuma nikiwa nimebeba kopo. Njia nzima alikuwa akimbembeleza kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina, na jina alilokuwa akimwita lilikuwa Kulwa. Mtoto aliitikia kwa kuguna, akalala. Sikumsahihisha.